Kilo Mbili za Gunia

Jumatano asubuhi Abner alileta miti ishirini ya mkaratusi, akaiegemeza kwenye ukuta wa jikoni, iliyonyooka upande huu, yenye vifundo upande ule. Nyanchera alikuwa ameketi kizingitini akimenya ndizi. Alijua kabla hajaambiwa kwamba mume wake anahama.

"Ya nini hiyo, Baba Ruth?"

"Esaiga," Abner alisema bila kugeuka. "Mogire anakuja Jumapili kuchimba mashimo. Kibanda kidogo tu. Mtu wa umri wangu anahitaji pa kukaa na wageni wake."

Wageni gani? Abner hakuwa na wageni. Alikuwa na rafiki mmoja, Onyiego, ambaye hata akija haingii ndani, husimama uani ameshika baiskeli yake na kuongea mpaka chai inapoa mkononi. Lakini esaiga, kibanda cha wanaume, ni neno lenye heshima zake huku Gesima. Mwanamume aliyepata wajukuu akijijengea esaiga na kulala humo, hakuna anayeuliza kitu. Watu wanamsifu. Wanasema ana ensoni, ile haya ya Wagusii inayomkataza mzazi kuonekana bado ana mambo ya kitandani wakati watoto wake wenyewe wana watoto.

Ilianza na ensoni hiyo hiyo. Mwaka uliopita, binti yao Ruth alipojifungua kule Masimba, Abner alivuta godoro la wageni kutoka uvunguni akaenda kulitandika sebuleni. "Sasa sisi ni babu na nyanya, Mama Ruth," alisema. "Tuwe na ensoni." Nyanchera akamjibu "Sawa," kama mtu aliyeambiwa kwamba chumvi imeisha.

Sebule lakini iko hatua sita kutoka kitandani. Mtu wa sebuleni baridi ya Gesima inaweza kumrudisha. Anaweza kuamka kutafuta kiberiti akapotea njia. Miezi yote hiyo Nyanchera alikuwa akilala ameacha nafasi upande wa kushoto, mwili wote ameusukuma ukutani, akisikiliza mtu akijigeuza kwenye godoro jembamba. Esaiga ina mlango wake wenyewe, na kijiji kizima ni shahidi. Mogire akishachimba mashimo yale, imekwisha. Na Mogire anakuja Jumapili.

Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka kiganja cha Abner nyuma ya shingo yake, kile kiganja chenye ukakasi wa majani chai na harufu ya sabuni ya kipande. Alitaka uso wake pale katikati ya matiti, jinsi alivyokuwa akiulaza zamani na kushusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Alitaka kuombwa asogee. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na akiwa shambani anachuma chai, akimwona mumewe mistari mitatu mbele, shati limelowa umande na kumshika mgongoni, vidole vyake vilikuwa vikisimama vyenyewe juu ya majani.

Kichwa chake hakikuwa cha kusahau. Alikumbuka mwaka wa tisini na nane, shangazi za Abner walipokuja kwao kuzungumza mahari. Walimshika mikono, wakamgeuza mbele na nyuma, wakasema, huyu amelishwa kwao, huyu atabeba mimba na atabeba gunia. Siku ya harusi vijana walimpigia Abner kelele, maana yeye ni mtu mdogo, uzito wa magunia mawili ya chai ukiyalowesha. "Abner! Utapanda kwa ngazi?" Naye, suti ya kuazima imemzidi mabega, akawajibu mbele ya mchungaji: "Ngazi ni yangu, mlima ni wangu, ninyi mnataka nini?"

Shangazi wale wale, kwa midomo ile ile, miaka ishirini na kitu baadaye walikuwa wakimletea ndimu za kunywa na maji moto. Mwili ulikuwa ule ule. Uliongezeka, ndiyo, kila mtoto aliacha chake, lakini ulikuwa ule ule waliousifu. Hakuna aliyekuja kumwambia, Nyanchera, tumebadilisha maneno, samahani. Waliyabadilisha kimyakimya, wakamwacha amesimama katikati na mwili wake.

Halafu ikaja Wiki ya Afya kanisani, Agosti, miaka mitatu iliyopita. Mwalimu wa afya alitoka mjini na suti ya kijivu, na mizani ya bafuni, na kipaza sauti. Baada ya hubiri watu walipanda mmoja mmoja pale mbele ya madhabahu, naye akisoma kilo zao kwa sauti. Kwa nini kwa sauti? Hakuna aliyeuliza. Mizani ile ilikuwa na namba mpaka mia na ishirini. Nyanchera alipopanda, mshale ulikwenda ukagonga mwisho, ukabaki unatetemeka.

"Wapendwa," alisema mwalimu wa afya kwenye kipaza sauti, "dada yetu huyu apelekwe kwa mizani ya chai!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Kicheko cha Sabato, cha upendo, cha watu waliofunga tai.

Na Jumatatu walimpeleka kweli. Mama Omosa, mwenyekiti wa Dorkasi, kikundi cha akina mama wa kanisa, alikuja na wenzake wawili, wakamwambia kwa upole wote wa duniani kwamba ni vizuri wajue wanaanzia wapi maombi yao. Akaenda. Hilo ndilo lililomkaba zaidi usiku na mchana: hakuburutwa, alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, na kitambaa kichwani, kama mtu anayekwenda kwenye mkutano.

Kituo cha kununulia chai kilikuwa kimejaa. Foleni nzima ilikuwa inanung'unika tangu asubuhi, maana kila gunia lililopandishwa kwenye mizani, Gibson karani alikuwa akikata kilo mbili, eti za gunia lenyewe, na kila mtu anajua gunia tupu halifiki hata nusu kilo. Nyanchera akapanda juu ya bamba la chuma. Gibson akainama, akasoma: "Mia moja thelathini na mbili!" Akachomoa kalamu sikioni. "Toa kilo mbili za gunia!"

Wakacheka mpaka wengine wakashika mabega ya wenzao. Wizi ule ule waliokuwa wakiulaani dakika tano zilizopita ukawa kichekesho, kwa sababu sasa aliyekuwa juu ya mizani ni mwanamke mnene.

Abner alikuwa wa nne kwenye foleni, gunia mgongoni. Naye alicheka.

Hakucheka sana. Kicheko kifupi, cha puani, halafu akatazama viatu vyake. Lakini Nyanchera alikiona, na akakisikia kati ya vicheko vyote vile, kama unavyosikia sauti ya mtoto wako katikati ya watoto wa shule.

Jioni ile alibadilisha nguo jikoni. Tangu siku ile Abner hakumwona tena bila nguo. Alilala na gauni, na shimizi chini ya gauni, na sweta juu yake, uso ukutani.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo lilikuwa limeanza kabla ya mizani. Tendo la ndoa lenyewe lilikuwa limeanza kuuma. Si maumivu ya kuvumilia. Yalikuwa ya pilipili, ya kuchanika. Alikwenda kliniki moja mjini. Muuguzi wa huko hakuinua uso. Alimfunga mkononi mkanda wa kupimia presha ambao haukutosha, akaukaza hivyo hivyo, akasema, "Presha iko juu. Punguza mwili kwanza, mama. Hayo mengine yatajirekebisha." Na Nyanchera alikuwa hata hajasema hayo mengine ni yapi.

Basi akapunguza. Alikula kabichi, akanywa ndimu, akapungua kilo tisa, zikarudi kumi na moja. Hayo mengine hayakujirekebisha. Abner akinyoosha mkono, yeye alisema, "Nimechoka." Alilisema neno hilo mara nyingi mpaka mkono ukaacha kuja. Angesema nini kingine? Ekegusii chake kilikuwa na majina mawili ya mahali pale, moja la matusi na jingine la ng'ombe, na Kiswahili alichofundishwa shuleni hakikufika huko.

Sasa miti ilikuwa imesimama pale nje, na Jumapili ilikuwa inakuja.

*

Alhamisi alimwambia Abner anakwenda Masimba kumwona mjukuu. Alimwona, akampakata, akamrudisha kwa mama yake haraka mpaka Ruth akashangaa. Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye zahanati ambako Ruth alikuwa amejifungulia, akaomba kumwona Esnah, yule muuguzi ambaye binti yake hakuacha kumsifu.

Esnah alikuwa mwanamke mwembamba mwenye pengo la meno ya mbele. "Karibu, mama. Nini kimekuleta?"

"Presha."

Esnah akafungua droo ya chini, akatoa mkanda mpana kama kiuno cha mtoto. Ukamzunguka Nyanchera mkono bila kumbana. Nyanchera akautazama.

"Huu umetoka wapi?"

"Upo siku zote. Mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa unadanganya, unapandisha namba. Kuna wenzetu hawajisumbui kutafuta mwingine." Akasubiri mashine itulie. "Mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili. Si mbaya hata kidogo."

Miaka mitatu. Miaka mitatu ya mboga zisizo na chumvi, na woga wa kufa akipanda mlima na gunia. Nyanchera alihisi hasira ikimpanda.

"Mama," Esnah alisema, "umetoka Gesima kote huko kwa sababu ya presha?"

Nyanchera alitazama bango la chanjo ukutani. Alilisoma lote. "Kuna pale," alisema. "Kwa mume."

Esnah aliinuka, akafunga mlango kwa komeo, akavuta pazia. "Inauma mnapoanza, au inauma ndani kabisa?"

Alimuuliza kama mtu anayeuliza habari za jino. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Nyanchera alijibu, jibu likazaa jibu jingine, na mara akawa amelala kwenye kitanda cha kupimia, mapaja yake wazi, macho amefumba, akingojea lile guno watu wanalolitoa wakiona mwili wake. Guno halikuja. Kilichokuja ni, "Nitakugusa sasa. Ukisema acha, naacha."

Alipomaliza, Esnah alinawa mikono. "Hakuna kidonda. Ni ukavu. Ngozi ya huko inakuwa kavu na laini mno umri huu, damu ya mwezi ikianza kuyumba."

"Si unene?"

"Wiki jana nimemtibu mwalimu mmoja mwembamba kama ile fimbo ya kusawazishia majani chai. Tatizo hili hili."

"Si unene," Nyanchera alirudia, safari hii bila kuuliza. Kisha akauliza lile alilokuwa amelibeba tangu Jumatano, au tangu miaka mitatu, hakujua. "Na mtu akiwa hivi nilivyo. Bado inawezekana? Vizuri?"

"Mama yangu. Watu wa kila umbo wanalala na wenzao, wewe unafikiri dunia ilijaaje? Weka mto chini ya nyonga. Au lala ubavu, yeye awe nyuma. Msikimbizane. Tumia hii nitakayokuandikia, nayo isipotosha rudi, kuna dawa nyingine. Na mwambie akungoje mpaka uwe tayari."

"Nimwambie?"

"Kwani yeye ni mganga, ajue bila kuambiwa?"

Dawa ilikuwa Keroka, kwenye duka la dawa la Urmila. Nyanchera aliingia na karatasi ameikunja mara nane. Duka lilikuwa na watu sita, mmoja dereva wa lori mwenye kofia ya sufu. Urmila alikuwa nyuma ya kaunta kwenye benchi alilotengenezewa maalum, mwanamke mkubwa, mkubwa kweli, ndani ya sari ya rangi ya embe. Kiuno chake kilikuwa wazi kati ya blauzi na kitambaa, mikunjo miwili ya nyama, naye alikuwa ameiacha ikae hapo mchana kweupe. Nyanchera aliitafuta aibu kwenye uso wa yule mama. Akaitafuta tena. Hakuiona.

Urmila aliikunjua karatasi, mkunjo baada ya mkunjo, akaisoma. Akapaaza sauti kuelekea stoo. "Vivek! Ile jeli ya maji imebaki?"

"Kubwa au ndogo, Mummy?"

"Mama," Urmila alimgeukia, "kubwa au ndogo?"

Watu sita wote walimtazama. Nyanchera alikuwa na neno tayari mdomoni, kwamba amekosea, amekuja kutafuta dawa ya kichwa. Akafikiria Mogire na jembe lake.

"Kubwa."

"Mzuri. Ndogo ni hasara, unafika katikati inaisha. Mimi pia nachukua kubwa."

"Hiyo ni ya nini, mama?" dereva aliuliza, anatabasamu.

"Hii ni ya watu wenye mabwana na mabibi. Wewe umekuja kwa ya minyoo, ngoja foleni," Urmila alimjibu.

Duka likacheka, na Nyanchera alishtuka kujisikia akicheka nao. Alitoka amekumbatia mfuko wa karatasi kifuani, akasimama kidogo kwenye baraza la duka.

*

Ijumaa alipika chakula cha Sabato mapema, kama kawaida, moto uzimwe kabla jua halijazama. Abner aliketi nje akiosha miguu kwenye karai. Nyanchera alimtazama kupitia dirishani: mifupa ya mabega, shingo iliyoungua jua, namna alivyokuwa akipitisha vidole kati ya vidole vya miguu, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kufika popote. Alitaka kwenda kumshikia taulo. Hakwenda. Usiku alilala ameacha nafasi upande wa kushoto.

Asubuhi Abner alifunga tai, akachukua Biblia.

"Baba Ruth, leo usiende."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nakuomba ukae."

Katika miaka ishirini na saba hakuwahi kumwomba aache kanisa. Abner aliketi kwenye kochi na tai yake, Biblia magotini, kama mgeni aliyekuja kuposa. Barabarani watu walipita wakiamkiana. Nyanchera alingoja sauti zao ziishe.

"Ulicheka," alisema.

Abner hakuuliza lini. Hilo lilimwambia mengi.

"Mama Ruth, pale watu wote walikuwa…"

"Sikuulizi watu wote. Gibson ni Gibson. Mama Omosa hajui kitu. Nakuuliza wewe."

Kuku aliingia mlangoni, akatazama, akatoka.

"Nilicheka," Abner alisema. "Niliogopa. Nilijua wakimalizana na wewe watanigeukia mimi, yule wa ngazi. Nikaona nicheke nao kwanza. Halafu ukanitazama." Alifunika Biblia kwa viganja vyote viwili. "Tangu siku ile sijui niweke wapi hii mikono."

"Siku ya harusi ulijua la kujibu."

"Siku ya harusi nilikuwa na miaka ishirini na tano. Sikuwa nimechoka kuchekwa."

"Mimi nichekwe mpaka lini? Mimi sikuchoka?"

Nyanchera akaendelea, maana sasa mlango ulikuwa wazi na hakutaka ufungwe na upepo. "Ukatoka kitandani. Ukaniletea ensoni. Nikajua huu mwili umekuchosha, na umepata neno zuri la kuukimbia."

Abner aliinua uso. "Mimi?"

"Wewe."

"Nyanchera, wewe ndiye uliyenifukuza." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu sijui lini. "Miaka miwili nikinyoosha mkono unaniambia umechoka. Unalala na sweta. Nikasema, ananilipa kwa kile kicheko, na ni haki yake. Ruth alipojifungua nikaona hapa nitoke na heshima. Mwenye ensoni haulizwi kama amefukuzwa."

"Ilikuwa inauma," Nyanchera alisema.

"Nini?"

"Tukilala pamoja. Ilikuwa inauma. Kabla hata ya mizani."

Akamwambia. Alitumia maneno ya Esnah pale yalipokuwepo, na yasipokuwepo alitumia mikono. Alimwambia habari za kliniki ya mjini, na mkanda mdogo, na mwalimu mwembamba kama fimbo. Abner alisikiliza mdomo wazi kidogo, na kadiri alivyosikiliza uso wake ukawa unazeeka.

"Miaka yote hii ulikuwa unaumia na mimi niko juu yako sijui?"

"Hukuuliza."

"Hukusema."

"Sikuwa na pa kuanzia."

Hasira bado ilikuwepo, Nyanchera aliihisi mahali pake, haikuwa imeondoka kwa sababu tu imetajwa. Lakini kando yake kulikuwa na kile kingine, kile cha mistari ya chai na shati lililolowa, na kilikuwa kimengoja zaidi.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Lakini nakutaka." Alilisema kwa Ekegusii, kwa neno lile lile mtu analotumia akiomba maji ya kunywa. "Na yule Mogire umpigie. Sitaki kuona shimo kwenye uwanja wangu."

Abner akatoa simu mfukoni pale pale. Mogire alikuwa kanisani, hakushika. Abner akaandika ujumbe kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akamwonyesha: *Usije kesho. Nimebadili nia.* Nyanchera akasoma mara mbili, akarudisha simu. Aliinuka, akaingia chumbani, na akaacha mlango wazi.

Hakufunga pazia. Mwanga wa saa tano uliingia wote, ukalala juu ya kitanda na juu ya sakafu. Abner alisimama mlangoni. Nyanchera alivua sweta, akavua gauni, akavua shimizi, na kila nguo aliikunja akaiweka juu ya kiti, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Kisha akasimama.

Hilo ndilo tumbo lake, limeshuka na kukunjana, na michirizi iliyosambaa ubavuni kama mizizi. Hayo ndiyo mapaja, meusi kwa ndani pale yanaposuguana. Hiyo ndiyo mikono iliyoshikwa na shangazi mwaka wa tisini na nane. Alihisi baridi, alihisi joto, alitaka kukimbilia shuka, akabaki.

"Niangalie," alisema. "Yote."

Abner aliangalia. Aliangalia kama anavyoangalia shamba baada ya mvua ya mawe, polepole, mstari kwa mstari, ila uso wake haukuwa wa mtu anayehesabu hasara.

"Nikuguse wapi?"

Hilo nalo hakuwahi kuulizwa. Ilimchukua muda kujua jibu. "Hapa," alisema, akaushika mkono wake, akauweka nyuma ya shingo. Ukakasi ule ule. Sabuni ile ile. Nyanchera alifumba macho, na kitu kilichokuwa kimekaza mabegani mwake tangu Agosti ile kikalegea kidogo. Kidogo tu. Uso wa Abner ukashuka taratibu mpaka ukafika ulipokuwa ukilala zamani, na pumzi yake ndefu ikamwagika pale, yenye joto.

Hawakukimbizana. Waliweka mto, ukateleza, wakauweka tena. Jeli ya Urmila ilikuwa baridi mpaka Nyanchera akapiga ukelele na Abner akaruka akidhani amemuumiza. Mwanzoni iliuma. "Ngoja," alisema, na Abner akangoja, akitetemeka, paji la uso limegusa bega lake. Alingoja mpaka akaambiwa. Kisha walilala ubavu, kama Esnah alivyosema, na mwili wake mzima, kilo zote ambazo watu walizisoma kwa sauti, ukawa mahali ambapo mtu mmoja alikuwa anapashika kwa mikono miwili na bado anataka zaidi. Alikuwa amesahau kwamba huko ndani kuna sauti yake. Ikatoka. Hakuizuia.

Baadaye Nyanchera alimshika Abner mkono, akahesabu mifupa ya vidole kwa kidole gumba, akiwaza miaka mitatu ni siku ngapi, na nani atazirudisha. Hakuna. Alijua hakuna. Hata sasa, akiwa naye hapa, alikuwa anamkosa yule Abner wa siku zile zilizopotea.

"Hodi!"

Wote wawili waligeuka mawe.

"Hodi hapa! Mama Ruth! Ni sisi Dorkasi!" Ilikuwa sauti ya Mama Omosa, na nyuma yake miguu mingi ya wanawake uani. "Hatukuwaona kanisani, wote wawili. Tumesema tupite tuwaone. Mnaumwa?"

Abner alikuwa ameshakaa, mkono unatafuta suruali sakafuni, uso umemwiva. Ensoni yote ya ukoo wao ilikuwa imempanda masikioni. Nyanchera alimshika kiwiko. Hakukikaza sana, aliacha tu uzito wa mkono wake ufanye kazi.

"Tuko wazima!" aliitikia kwa sauti kubwa, akiwa amelala chali, uchi, mwanga wa mchana tumboni.

Kisha, kwa wasiwasi: "Tuingie basi tuwaombee?"

"Hapana, Mama Omosa. Leo sina nafasi ya wageni."

"Huna…?" Mtu alinong'ona kitu. Mwingine akasema *yaya*, sivyo, haiwezekani, wale ni babu na nyanya. Mwingine akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. "Basi tuombe hapa hapa nje?"

"Ombeni."

Wakaanza. Waliomba kwa ajili ya nyumba hii na wenye nyumba, kwa ajili ya nguvu na afya na amani kati ya mume na mke, sauti ya Mama Omosa ikipanda na wenzake wakiitikia. Abner aliinama tena kwa siri kutafuta suruali, na Nyanchera akamvuta, akamrudisha upande wa kushoto.

"Usivae," alimwambia.